Nilimkana Mbele ya Baba

"Mnafahamiana?" shangazi aliuliza, maana fundi alikuwa amenikodolea macho.

"Hapana," nikajibu haraka. "Simjui."

Nilisema hivyo mbele ya mwanaume niliyependana naye mwaka mzima.

Baba alikuwa amekatwa mguu kwa sababu ya kisukari. Miguu bandia ya hospitali kubwa hatukuiweza, ndipo shangazi akasikia kuna karakana inayotengeneza ya bei nafuu kwa mabomba ya plastiki. Mchumba wangu hakuwahi kunipeleka kazini kwake, hivyo sikujua ni karakana ya nani mpaka tulipofika mlangoni. Nyumbani nilikuwa nimewaambia mchumba wangu ni injinia. Sikusema kwamba anatembea na mguu aliojitengenezea mwenyewe, tena unaolia kwichi, kwichi kila hatua.

Fundi aligeukia kazi yake. Alipiga goti, akazungusha plasta kwenye kigutu cha baba ili achukue umbo lake, taratibu kabisa.

"Nikikuumiza sema, mzee."

"Endelea, mwanangu. Una mkono mwepesi."

Jioni nilimpigia mara saba. Hakupokea. Mwishowe ikaingia meseji: "Mguu wa mzee utakuwa tayari Alhamisi. Kama unaona haya, shangazi yako amlete."

Nilikwenda.

Baba alisimama kati ya vyuma viwili vya kushikilia, akapiga hatua moja, ya pili, kisha akacheka kicheko ambacho hatukukisikia tangu alazwe.

"Kijana, umeoa wewe?"

"Nilikuwa na mchumba, mzee. Akasema hanijui."

"Mpumbavu gani huyo?"



"Ni mimi, baba."

 Mama mmoja aliyekuwa akisubiri zamu yake aliacha kujipepea.

"Toba!" shangazi akashika mdomo. "Huyu ndiye injinia?"

"Ndiye. Niliona aibu, shangazi. Ule mguu wake..."

Baba aliutazama mguu wake mpya. Akaniuliza kwa upole, na upole huo ndio ulionimaliza:

"Kwa hiyo na mimi, mwanangu, ukiwa na wenzako utasema hunijui?"

Nilitamani ardhi ipasuke. Machozi yakanitoka mbele za watu.

"Nisamehe," nilimwambia fundi.

"Imeniuma sana, sikufichi. Ila futa machozi kwanza, umshike mzee. Anataka kugeuka."

Hakunisamehe siku ile. Nilirudi kila Jumamosi, nikawa napiga msasa miguu ya watu, tunaongea maneno mawili matatu, basi. Mwezi wa tatu tangu siku ile, akanipigia mwenyewe.

"Kesho nakuja kwenu kujitambulisha. Nivae suruali ndefu?"

"Vaa kaptula."

"Una uhakika?"

"Vaa kaptula, mpenzi."

Nilimpokea barabarani, nikamshika mkono, tukapita mbele ya majirani wote. Walitazama, tena bila kujificha. Uso uliniwaka moto njia nzima, nakiri. Lakini mkono wake sikuuachia.