Ng'ombe wa Baba Niliowaimbia

Nina miaka ishirini na miwili. Nilikuwa na kumi na saba, mwanafunzi wa shule ya Wajerumani hapa Dodoma, vita vyao na Waingereza vilipotufikia Ugogo. Wasomaji wenzangu, someni taratibu. Kuyaandika haya kumenitoa jasho...

Baba alitaka nichunge. Mimi nilitaka kuandika! Tuligombana, nikatoroka na shuka moja, nikaapa sitanusa tena harufu ya zizi.

Shuleni walinicheka. Zizini kwa baba kulikuwa na ng'ombe watano tu, na wenzangu waliotoka pwani waliniita Bwana Watano. Hawakujua desturi yetu. Mgogo mwenye mali hawaweki ng'ombe wake pamoja. Huwagawa kwa marafiki wa mbali, wamtunzie na wanywe maziwa, ili ukame au wezi wasiwamalize. Na walipo hapatajwi.

Mimi nilipajua pote. Nilikuwa nimewachunga.

Mwalimu alipotutaka tuandike habari za kwetu, niliandika kama aliyepagawa. Niliwasifu ng'ombe wa baba kwa rangi zao, wa Mvumi, wa Chamwino, kila kundi na rafiki aliyelitunza. Nikaisoma insha yangu mbele ya darasa, Bwana Mkubwa wa boma la Wajerumani akiwa mgeni wetu. Hakuna aliyecheka. Mzungu alipiga makofi. Nani angenishika siku ile?

Asubuhi yake askari wa boma walinifuata bwenini. Jeshi lilitaka nyama. Niliambiwa nitawaonyesha njia, na nikitoroka, baba atabebeshwa mizigo mpaka vitani. Ningekwenda wapi? Mbele askari, nyuma askari, na katikati maneno yangu mwenyewe...

Zizi la kwanza ng'ombe waligoma kuwafuata wageni. Wakapigwa kwa vitako vya bunduki. Askari mmoja akanigeukia akicheka.

"Si wewe uliyewasifu? Waimbie basi."

Nikaimba wimbo wetu wa kuchungia. Wakanifuata, maskini, wakidhani tunakwenda malishoni! Ikawa hivyo kila zizi. Rafiki za baba walinitazama tu. Afadhali wangenitukana.

Zizi la mwisho nilimkuta baba. Alikuwa amekimbia kuja kumwonya rafiki yake, akachelewa. Nikaacha kuimba. Nilitaka kupiga magoti, nikavutwa shati. Askari wakainua fimbo juu ya ng'ombe.

Baba akanisogelea.

"Imba vizuri, mwanangu. Ukinyamaza watapigwa."

Niliimba... Naye akawa ananiitikia, mpaka vumbi likatutenganisha.

Njaa iliyofuata ilimchukua baba. Aligonga milango ya marafiki wale wote, na hakuna aliyekuwa na maziwa ya kumpa.

Bado naandika. Sijui kazi nyingine. Lakini kila ninaposifiwa, namsikia akiniitikia zizini.

Kijana mwenzangu unayeipenda kalamu, nakusihi: ukichekwa kwa umaskini usio wako, kubali uchekwe. Mimi nilijibu. Wakanyamaza wote... hata baba.