Shavu la Kushoto

Walianza kwa kugombana, tena mbele za watu. Ilikuwa Jumamosi, duka la vifaa vya ujenzi limefurika, na mikono miwili ikashika kopo moja la rangi nyekundu, la mwisho rafuni.

"Achia, kaka. Nina geti la kumalizia."

"Nami nina midomo ya kumalizia," kijana akajibu. Alikuwa mchora mabango. Shati lake lilikuwa na madoa ya kila rangi. "Saluni inafunguliwa kesho, na mwanamke wangu wa bangoni hana mdomo."

Foleni nzima ikacheka. Binti hakucheka, ila kopo aliliachia. Alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma, ovaroli yake ya bluu imetobolewa na cheche, na shavu lake la kushoto lina kovu refu kama kidole. Alilipata mwaka wake wa kwanza kazini, kipande cha chuma chekundu kiliporuka. Mafundi wenzake walidhani hatarudi tena. Jumatatu alikuwa getini kabla yao, bandeji usoni.

"Wengine wana vyeti ukutani," alizoea kusema. "Mimi changu natembea nacho."

Tangu siku ile mchora mabango hakukauka karakanani kwa binti. Kila wiki alileta fremu ichomelewe, hata zile zisizo na ubovu. Akampa jina la Cheche, naye akalizoea, kisha akamzoea mwenye kulitoa. Mwaka ukapita wakila mchana pamoja juu ya vyuma chakavu.

Ndipo jumba la sanaa la mji likatangaza kwamba mafundi kumi wangechorwa picha kubwa za kutundikwa ukumbini, na kila mmoja angechagua mchoraji wake kutoka kwenye orodha. Cheche alikuwa mmoja wa kumi hao. Juu kabisa ya orodha lilikuwa jina la Profesa, mchoraji ambaye hata watoto wa shule walimjua. Chini kabisa lilikuwa la mchora mabango.

Cheche akamchagua Profesa. Simu ikaita kabla ya saa kupita.

"Cheche, ni kweli?"

"Ni kweli."

"Jina langu lilikuwa palepale! La mwisho, lakini palepale. Nitaficha wapi uso wangu?"

"Wa kwako sijui. Wa kwangu niliuona jana, juu ya saluni nyingine mpya karibu na kituo cha basi. Shavu laini kama yai. Nani yule?"

"Ni wewe, laazizi. Nilikuchora kwa mapenzi."

"Kovu langu liko wapi?"

"Ni bango la saluni, mpenzi. Nilitaka upendeze."

"Kumbe sipendezi."

"Usinigeuzie maneno!"

"Wewe umenigeuza mtu mwingine!" Akakata simu, na mchana kutwa akagonga vyuma ambavyo havikuhitaji kugongwa.

Mama yake akajaribu kumtuliza. "Mwanangu, mtu amekuchora kama malkia, wewe unanuna?"

"Amemchora binti wa mtu mwingine, mama."

Siku ya nne akaenda kwa Profesa. Chumba kilikuwa kikubwa, chenye madirisha hadi darini na harufu ya tapentaini, na katikati kiti cha mahameli. Cheche alivaa ovaroli safi, iliyonyooshwa kwa pasi. Mtu mkubwa namna hii, aliwaza, ataniona nilivyo.

Profesa akamzunguka, mikono nyuma. "Una mifupa mizuri ya uso, binti. Geuka kidogo. Zaidi. Tuchukue upande mzuri."

"Upi ndio mzuri?"

"Wa kulia, bila shaka. Mke wa jaji alikuja hapa na chunjua kubwa. Kwenye picha uliiona?" Akacheka peke yake.

Cheche akainuka. Damu ilikuwa imempanda hadi masikioni. "Huo wa kulia haujafanya kazi yoyote, mzee wangu."

"Watu hungoja kiti hicho miaka mitatu!"

"Basi mwite anayefuata."

Hajafika barabarani, msimamizi wa jumba la sanaa akampigia. "Dada, Profesa amekasirika sana!"

"Mwambie tuko wawili."

Akashika njia ya kituo cha basi, amekusudia kudai lile bango lishushwe leo hii. Alisikia kelele kabla hajafika.

"Unaniharibia bango!" mwenye saluni alikuwa akifoka, kitana mkononi. "Wateja watasema draya yangu inaunguza watu!"

Juu ya ngazi alikuwa mchora mabango, amekonda kwa siku nne tu, brashi ikiwa kwenye shavu la kushoto la bango.

"Unafanya nini huko?" Cheche akauliza.

Hakugeuka. "Asubuhi nilikuwa nimejaa hasira. Nikachukua mkaa nikuchore kutoka kichwani, nikuonyeshe namshinda Profesa wako. Mkono ukaanzia kwenye kovu, wenyewe. Nilikuwa nakujua hivyo siku zote, Cheche. Nilikufuta nikiwa nakuona."

Hasira ya Cheche haikuondoka. Ilikaa palepale kifuani, lakini sasa alikuwa na mtu wa kukaa nayo pamoja.

"Umekosea," akasema.

"Najua, nisamehe—"

"Kovu, umelikosea. Langu haliko chini namna hiyo. Na halina mkia wa samaki."

Akapindua ndoo tupu, akaketi kando ya ngazi, akaligeuzia jua shavu lake la kushoto. "Nitazame mimi, usitazame bango."

Kijana akamtazama, kwa muda mrefu kuliko brashi ilivyohitaji.

"Kuna mabango mengine sita yenye uso wako," akakiri kwa sauti ndogo.

"Sita!"

"Nitayapitia yote. Nikimaliza la mwisho, nije kwa mama?"

"Ukimaliza la mwisho," Cheche akasema, akiishika ngazi iliyokuwa ikiyumba, "nikishalikagua."