Saa Nane Iliyorudishwa

Siku ile ilianza kama siku nyingine yoyote ya vita: kimya kingi na foleni ya maji. Fundi saa, jirani yetu wa nyumba ya kona, alikuwa akipuliza vumbi kwenye saa ya kinyozi alipoitwa mnarani. Mji wetu wa mpakani ulikuwa umepata wenyewe wapya. Wapya, yaani wale wale waliofukuzwa mwaka uliopita.

Kila jeshi lilikuja na saa zake. Waliowafukuza hawa mwaka ule, kabla hata ya kuuliza kama watu wamekula, waliamuru saa ya mnara isogezwe mbele, ilingane na ya mji wao mkuu. Fundi akaurusha mshale kutoka saa nane hadi saa tisa. Mkewe alikuwa ametoka muda huo huo kununua mkate.

Hakurudi.

Fundi alipokwenda kuripoti, karani alimpokea kwa adabu zote.

"Alipotea saa ngapi, mzee?"

"Kati ya saa nane na saa tisa."

"Ah. Siku ile saa hiyo haikuwepo, mzee wangu. Ilifutwa kwa amri. Mtu atapoteaje ndani ya saa ambayo haipo?"

Faili likafungwa. Pole akapewa, bila muhuri.

Sasa kapteni mpya alisimama chini ya mnara, mikono nyuma. "Tisa iwe nane. Tunarudisha kilicho chetu."

Fundi akarudisha. Kengele ikalia saa nane, na upepo ukamletea harufu ya mkate.

Duka la mwokaji liliungua mwaka jana. Palibaki majivu na paka.

Alishuka ngazi mbio, akaingia nyumbani, akaketi. Mlango ukagongwa, polepole, kwa kucha.

"Baba watoto. Fungua. Wananifuata."

Akafungua. Gauni lile lile la bluu. Kifungo kile kile kilicholegea, alichosema atakishona kesho. Mkewe akaweka mkate mezani, akamtazama.

"Mbona mvi hivi? Nimetoka sasa hivi tu."

"Vumbi la mnarani," fundi akanong'ona. Hata sasa alitaka mkewe acheke.

Mkewe hakucheka. Nje buti zilikuwa zinakuja. Zikasimama mlangoni. Hazikubisha. Zilingoja.

Fundi akaelewa. Saa iliyorudi haikumleta mkewe peke yake. Na ikifika mwisho, itamalizika kama ilivyomalizika.

Labda isifike mwisho.

"Nitapita nyuma. Funga komeo. Usimfungulie mtu, hata akiita kwa sauti yangu."

Alikimbia. Barabara ilikuwa tupu, jua kali, hakuna askari hata mmoja. Buti alizisikia bado, nyuma yake, zikikwaruza kizingiti chake.

Mlinzi wa mnara akamzuia kwa bunduki.

"Kibali?"

"Nimetoka humu sasa hivi!"

"Kile kilikuwa cha kurudisha saa. Unataka nini sasa?"

"Kuisimamisha. Dakika moja tu, mwanangu. Nakusihi."

"Kusimamisha ni ofisi nyingine, mzee."

"Iko wapi?"

"Ile pale. Inafunguliwa saa tisa."

Juu yao mshale ukatikisika. Ukaruka hadi saa tisa, kama ulivyorushwa mwaka ule.

Kengele ikalia.

Nyumbani, mlango wa mbele ulikuwa na komeo kwa ndani. Wa nyuma pia. Madirisha yana nondo. Tuliuvunja mlango pamoja naye, kinyozi na mimi. Hapakuwa na mtu. Chini ya kiti palikuwa na kifungo cha bluu, uzi ukining'inia.

Na mkate mezani.

Fundi hajaukata mpaka leo. Wenyewe wamebadilika tena, na saa ya mnara inasogezwa na askari asiyejua kazi, haikubaliani na serikali yoyote. Ukimtembelea, fundi anauchukua mkono wako, anauweka juu ya mkate.

Mkate bado ni wa moto.

Na juzi, kwenye pembe iliyokuwa nzima, tulikuta umemegwa, na fundi anaapa si yeye.