Nafasi ya Mbele

Jumatatu saa mbili asubuhi lifti iligoma, na ukumbi wa chini wa jengo ukafurika watu hadi mlangoni. Wenye mafaili kwapani, wenye vikombe vya chai, wote walikuwa wakimtupia maneno fundi wa lifti, ambaye kichwa chake kilikuwa ndani ya sanduku la swichi na miguu nje. Wapangaji walimwita Juu-Chini, na yeye alikwisha kulizoea jina hilo kuliko alilopewa na wazazi wake.

"Juu-Chini, leo umetuweka chini tu!"

"Pandeni ngazi, jamani. Mazoezi ya bure hayo."

Watu waliguna, wakapanda. Alipotoa kichwa, alimkuta mwanamke mmoja amekaa juu ya sanduku lake la vifaa, ametulia tuli kama mgeni aliyekaribishwa. Sketi ya buluu ilimkaa sawasawa, viatu vilikuwa vya chini, na tepu ya kupimia nguo ilining'inia shingoni kama mkufu.

"Dada, umekalia bisibisi zangu."

"Na wewe umekalia safari yangu. Tuko sare."

"Unakwenda ghorofa ya ngapi?"

"Ya nne."

"Ya nne tu? Ungekuwa umeshafika."

"Nina mapenzi na lifti yako," alisema bila kutabasamu. "Siwezi kuisaliti kwa ngazi."

Alikuwa mshonaji wa magauni ya harusi, na kwa wembamba wake na ulimi wake wenye ncha, ghorofa nzima ilimwita Sindano. Juu-Chini alihudumia majengo sita kwa zamu, ndiyo maana hawakuwahi kukutana. Lifti ilipoamka, alimpandisha yeye wa kwanza. Mlango ulipofunguka ghorofa ya nne, Sindano alisema kwa sauti laini, "Asante, mpenzi." Fundi aligeuka, moyo ukimpaa. Sindano alikuwa akipapasa ukuta wa lifti.

"Namwambia yeye," alisema, akaenda zake.

Siku hiyo Juu-Chini alishuka chini, moyo ukabaki juu.

Simu zikaanza.

"Halo, lifti yangu ina hali gani?"

"Inakuulizia. Haili, hailali."

"Iambie ivumilie hadi saa kumi, nikimaliza kutia shanga."

Miezi miwili ilipita hivyo, kwa chai ya jioni, utani na kushikana mikono. Asubuhi moja Juu-Chini alimwona akitokea nyuma ya jengo, anapandisha kilima polepole, kiganja ukutani, jasho likimtiririka usoni.

"Kipenzi, gari umeliacha wapi?"

"Kule nyuma..." Alisimama, akavuta hewa. "Kwenye mapipa... ya taka."

Alimshika mkono hadi kwenye chumba chake cha kushonea. Shangazi yake, ambaye alikuwa akipiga pasi shela, alimtazama mpwa wake, akazima pasi, akamletea maji. Sindano alikunywa, kisha akaeleza bila kuzunguka.

"Mapafu yangu yana makovu. La kushoto ni pambo tu. Nikitembea kidogo, huwezi kunijua. Nipe kilima, nazimika. Daktari aliandika, nikapewa kadi ya kuegesha pale mbele, kwenye alama ya kiti cha magurudumu."

"Sasa kwa nini uende kwenye mapipa?"

Alimpa simu. "Mteja ndiye aliyenitumia. Angalia."

Juu-Chini aliangalia, akaangalia tena. Ilikuwa picha ya mwanamke kwa nyuma: gauni la manjano, viatu virefu, gari limeegeshwa juu ya ile alama. Chini yake maneno: *Mlemavu wetu wa leo huyo. Muoneni anavyoringa.*

"Nilikuwa nakwenda kumvisha bibi harusi," Sindano alisema. "Nilikuwa napumua vizuri siku ile. Sikujua kuwa kuamka salama ni kosa. Basi ikaenea. Mlinzi akawa ananiuliza, 'Mgonjwa hajambo?' na watu wanacheka. Nikaona heri kilima. Ila ningemjua aliyepiga, ningemuuliza kitu kimoja tu: alitaka nitambae?"

Juu-Chini alirudisha simu, akasema ameitwa jengo la pili. Hakuitwa na mtu.

Kwa siku tatu alijibu simu za Sindano kwa neno mojamoja. Siku ya nne alipanda. Sindano alikuwa amepiga magoti mbele ya gauni jeupe, pini zimejaa mdomoni.

"Picha ile niliipiga mimi," Juu-Chini alisema akiwa bado mlangoni. "Nikaituma kwenye kundi la wapangaji."

Sindano alitoa pini mdomoni moja baada ya nyingine, akazichomeka kwenye kijimto cha pini alichokifunga kifundoni mwa mkono.

"Ulinijua?"

"Sikukujua. Niliona gari, nikaona viatu, nikahukumu. Marehemu baba alikuwa wa kiti cha magurudumu. Mara ngapi tulikuta nafasi yake imekaliwa na wazima! Nilidhani namtetea yeye."

"Kadi yangu ilikuwa kwenye kioo cha mbele."

"Sikuzunguka kuangalia."

"Ingekuchukua hatua ngapi?"

"Kama kumi."

"Kumi," Sindano alisema. "Mimi natembea mia tatu kila asubuhi kwa sababu wewe zilikushinda kumi. Toka."

Alitoka. Akashuka kwa ngazi, ghorofa zote nne. Pale chini alikaa juu ya sanduku lake, akaandika kwenye lile kundi, kwa jina lake lote:

*Picha ya mwanamke mwenye gauni la manjano niliipiga mimi, fundi wa lifti. Nilimzulia. Nafasi ile ni haki yake na kadi yake ilikuwa wazi. Uliyeisambaza, ifute. Unayetaka kukejeli, nikejeli mimi.*

Majibu yalimiminika. Kwani anaumwa nini? Tuambie basi tujue. Mbona anatembea? Akajibu mara moja tu: *Hilo si lenu, wala si langu.* Kuanzia hapo walimgeukia yeye. Meneja wa jengo alimwita akamfokea mlango ukiwa wazi. Mlinzi alikuja kumwambia, akiangalia viatu vyake, kwamba na yeye ameona aibu. Sindano hakupokea simu zake kwa siku kumi na moja.

Siku ya kumi na mbili simu ikalia akiwa chumba cha mitambo.

"Wewe mtu wa lifti," ilikuwa sauti ya shangazi. "Nilimsomea maneno yako kwenye simu ya jirani. Nakupa mtu. Ukimkera nakuja mwenyewe."

Kisha pumzi anayoijua.

"Kwa nini hukuwaambia ninachoumwa? Ungenisafisha mara moja."

"Hukuwa mchafu. Na mapafu ni yako. Mtu akiyataka, akuulize wewe, na ukipenda umfungie mlango."

"Nilikununia kwelikweli."

"Ulikuwa na haki."

"Na bado sijamaliza."

"Njoo umalizie hapa karibu yangu."

Kikamtoka kicheko, kifupi, cha kuibwa. "Una maneno wewe! Haya, kesho naegesha mbele. Usije kunilinda. Usisimame mlangoni kama sanamu. Kaa kwenye lifti yako."

Kesho yake alikaa, mlango wa lifti akauacha wazi, masikio yameelekea nje. Alisikia gari likizimwa. Alisikia sauti ya mama mtu mzima: "Binti, hiyo si nafasi ya wagonjwa?"

Juu-Chini alishika kishikio cha lifti asitoke.

"Ndiyo, mama," Sindano alijibu. "Ndiyo maana niko hapa."

"Ahaa. Pole, mwanangu." Na nyayo zikapita.

Ndiyo hivyo tu! Juu-Chini aliachia kishikio. Sindano akaingia, gauni la kijani limempendeza, uso mkavu, hana haraka. Akamtazama moja kwa moja.

"Shangazi anasema wazee wako waje Jumamosi mchana, wasizidi wanne kwa sababu sebule yetu ni ndogo, wewe uvae shati lisilo na grisi, na mimi nimeshasema ndiyo, kwa hiyo wasijisumbue kuniuliza."

Aliyasema yote bila kupumzika hata mara moja. Mlango ukajifunga wenyewe, na wao wamesimama tu, wanatazamana na kucheka, hadi mtu akagonga kwa nje.

"Fundi! Imegoma tena?"

"Haijagoma!" Sindano alipaza sauti, huku akimfuta Juu-Chini machozi kwa ncha ya tepu. "Mpe dakika moja!"