Nyumba Isiyokula Konokono

Adum pale, mjini Kumasi, kwenye kibanda cha kutoa kopi, watu walibanana hadi Afriyie akakanyagwa kiatu. Aliyemkanyaga hata pole hakutoa. Alikuwa anachungulia kitabu alichoshika Afriyie.

"Dada, hicho kitabu kilishakufa. Unakipeleka kuzikwa?"

"Nakipeleka kidato cha pili. Kwani wewe unacho kilicho hai?"

Alikuwa nacho. Kijana huyo, Boadu, alifundisha historia chuo kikuu, na mkoba wake ulijaa tafiti mpya walizosoma wenzake tu. Akawa anamletea Afriyie, wanazichambua juu ya sahani ya wali, naye Afriyie anazigeuza kuwa somo la watoto. Ndivyo walivyopendana, midomo ina pilipili, mikono ina wino.

Siku ya kutambulishwa, Boadu alikuja na shati jeupe lililokakamaa kwa wanga, na kapu la konokono wakubwa kama ngumi. Mama mtu akacheka. "Mwanangu, nyumba hii hatuli konokono. Tangu enzi za bibi yangu." Afriyie akamtania kwamba mkwe kafeli mtihani. Boadu hakucheka. Jasho lilimtoka, na Afriyie akadhani ni aibu ya kapu.

Wajomba wa Boadu walikuwa waje Jumamosi na chupa zao za pombe ya mila, kubisha hodi ya posa. Wiki hiyohiyo Afriyie akakuta, kwa mwalimu mwenzake, makala ya Boadu ambayo hakuwahi kumpa. Akaona amfanyie mpenzi wake kitu cha kumfurahisha: akaisoma darasani bila kuipitia kwanza. Ilihusu watumwa walionunuliwa kutoka kaskazini wakafanywa ndugu kwenye nyumba za Kumasi, wajukuu wasiambiwe, maana asili ya mtu haitajwi. Mmojawapo, mwanamke asiyetajwa jina, alikataa konokono hadi kufa, na nyumba nzima ikafuata bila kujua sababu.

Pokuaa, binti wa jirani, akanyoosha mkono. "Mwalimu, si kama kwenu?"

Darasa likacheka. Halafu likaacha kucheka.

Jioni mama alikuwa ameshasikia. Hakugomba. "Nilitaka uolewe kwanza," alisema tu, akajifunika kanga yake. Kesho yake binamu zake, wasiotokana na mwanamke yule, hawakumwita tena dada.

Afriyie akapiga simu. "Ulijua?"

"Siku ile ya kapu. Makala niliiandika kabla sijakujua."

"Ukanyamaza."

"Kwetu hayasemwi, kipenzi. Wewe mwenyewe wajua."

"Kusema husemi, ila kuandika unaandika. Wasomi wote wasome, mimi mwenye bibi nisijue."

Boadu akasema wajomba watakuja vilevile, kwamba atamuoa hata kama bibi yake alinunuliwa. Hapo ndipo Afriyie alipolia. Neno lilikuwa jema, lakini lilimfikia kama msamaha, na yeye hakuwa amekosa.

"Usije Jumamosi, Boadu. Niambie jina la huyo bibi tu."

"Lamisi."

"Asante." Akakata.

Jumatatu alivaa gauni lake la bluu, akaandika Lamisi ubaoni. "Huyu ni bibi wa mama yangu. Ulizeni."

Pokuaa akauliza polepole, "Alitoka kijiji gani, Mwalimu?"

Afriyie akafungua mdomo. Aliyejua jibu la swali hilo alikuwa mtu mmoja tu, na ndiye yule ambaye yeye mwenyewe alimwambia asije.