Yule wa Daraja

Mume wangu alikuwa anasukumwa kwenye machela kuelekea chumba cha upasuaji, na faili lililolazwa kifuani pake lilikuwa la mtu mwingine.

Nililijua lile faili. Mwandiko ulikuwa wangu.

Subirini niwaeleze, msije mkadhani nimerukwa na akili.

Mimi ni karani wa masjala ya hospitali. Hospitali yenyewe ina jina la yule tajiri wa zamani mwenye mashamba. Daraja lina jina lake, shule ina jina lake, hadi kiwanda cha sabuni ya kufulia. Na watu je? Wanyapara wake waliwaandikisha vibarua wote kwa jina la bwana. Vibarua wakazaa, wajukuu wamejaa mji mzima, na hakuna aliyerithi hata jembe. Mume wangu ni mmoja wao. Mimi jina nililipata kwa ndoa.

Ukiliita kwenye foleni wanasimama kumi na mmoja, na mbwa wa mlinzi anainua kichwa.

Ndiyo maana nikabuni utaratibu wangu. Pembeni ya jina naongeza kwa penseli mahali mtu anapokaa: wa Shule, wa Sabuni, wa Daraja. Mume wangu ni wa Sokoni, tunakokaa. Mganga mkuu alinisifu mbele za watu, kichwa kikavimba.

Hata nyumbani jina lilitusumbua. Fundi cherehani aliwahi kunipigia simu nikachukue nguo za mtoto wetu. Sisi hatujajaliwa mtoto. Nilipomuuliza mume wangu, alicheka akasema fundi amekosea mtu, wenye jina hili wako wengi.

Nikacheka naye...

Jumatatu aliaga, safari ya kikazi, siku tatu. Jumanne saa nne asubuhi ndiyo namwona kwenye machela, hajitambui, kidole tumbo kimepasuka.

Kilichonitisha zaidi ni penisilini. Inamfunga pumzi, na mwaka wa kwanza wa ndoa kidogo nimzike. Faili la wa Sokoni lina onyo kwa wino mwekundu. Hili la wa Daraja halikuwa na onyo lolote, na nesi alikuwa ameshavuta dawa hiyo hiyo kwenye sindano.

"Nesi, weka chini. Faili si lake."

"Jina ni lake, dada."

"Jina ni la mji mzima!"

Nilikimbia masjala mpaka kiatu kikanitoka, nikarudi na faili la wa Sokoni. Daktari alisoma, akaamuru dawa nyingine. Mume wangu angepona.

Ila daktari alibaki ameyafungua mafaili yote mawili. Akayalinganisha mstari kwa mstari.

Tarehe ya kuzaliwa ile ile. Kundi la damu lile lile. Kovu kwenye goti la kushoto, huku na huku.

"Huyu ni mtu mmoja," akasema. "Nani alimgawa?"

Nilimgawa mimi. Miaka miwili iliyopita mwanamke mjamzito alileta fomu ya mumewe dirishani kwangu, nami nikamuuliza swali moja tu: mnakaa wapi?

Mwanamke huyo sasa alikuwa mlangoni, mtoto mgongoni. Ndiye aliyemleta. Habari ya penisilini hakuijua, maana mwanamume hakuwahi kumwambia. Alinishika mikono yote miwili akilia, akanishukuru kwa kumwokolea mume wake. Kisha macho yake yakatua kwenye beji yangu.

"Kumbe nawe una jina letu, dada? Mume wangu husema tuko wengi."

Jamani, niliumia. Lakini hana kosa yule mtoto wa watu. Nilimkalisha kwenye benchi nikamweleza taratibu, akasikiliza hadi mwisho bila kuniachia mkono.

Wasomaji wangu, jina likishabebwa na wengi, halimtambulishi mtu tena. Mtu anaweza kujificha humo miaka na miaka, na wewe mwenyewe ukamshikia mlango. Usiridhike na jina. Kamwone mwenye jina kwa macho yako.

Ninaandika haya nikiwa wodini. Mke mwenzangu yuko upande ule wa kitanda, mimi upande huu. Mgonjwa ameanza kukunja vidole.

Akizinduka ataita, "Mke wangu..."

Tumekubaliana kuitika pamoja.