Mwanya wa Bi Mwasiti

Saa mbili asubuhi vijongezi elfu kumi viliingia kinywani mwa karani mmoja wa benki, na kabla ya saa sita mchana meno yake, yaliyopandana tangu utotoni, yalikuwa yamekaa mstari mmoja. Mwenyewe alijilaza kitini akisikiliza mpira. Kijongezi ni kidogo kuliko punje ya ulezi. Hupenya kwenye ufizi, hushika mzizi wa jino, hulainisha mfupa ulio mbele na kuukaza ulio nyuma, na jino husogea bila hata kuwasha. Kazi iliyokuwa ikichukua miaka miwili ya nyaya, vidonda vya mashavu na kunyimwa mahindi ya kuchoma, katika Dodoma ya mwaka huo ilikuwa kazi ya asubuhi moja.

Daktari Nyamizi Kasanda alitazama, akashindwa kuficha mshangao wake. Alikuwa na wiki tatu tu tangu apate ubingwa wa kupanga meno, na mkobani alikuwa na barua mbili za kumwita kazini. Moja ilitoka hapa hapa, kliniki ya Jumba la Tabasamu, ghorofa arobaini za vioo. Nyingine ilitoka hospitali ya wilaya kwao, kule magharibi kwenye asali na tumbaku, ambako hakujawa na bingwa wa meno kwa miaka saba. Wenzake wa chuo walishamchagulia zamani. Nani mwenye akili timamu anaacha vijongezi akakunje waya shamba? Naye moyo wake ulikuwa unavutwa huku na huku, na leo ndiyo siku ya mwisho ya kujibu.

"Umeona, Daktari?" Mhandisi Lwitiko, mkuu wa Jumba, alimuuliza kwa sauti yake ya upole. Alikuwa mtu wa heshima zake, suti haina hata kunyanzi, na hakupenda maswali. "Mashine yetu, Msawazishaji, inachora ramani ya kinywa, vijongezi vinaifuata. Wewe unaweka kidole gumba hapa kwenye kibao. Sheria haina mchezo kwenye hilo: bila kidole cha daktari bingwa, mashine haigusi jino la mtu."

"Ramani ngapi kwa siku?"

"Mia tatu. Zikizidi sana, mia tatu na hamsini."

"Nitazisoma saa ngapi zote hizo?"

Lwitiko alicheka kidogo. "Daktari, nani kakuambia uzisome?"

Mtu mwingine angecheka naye. Nyamizi hakucheka.

Mgonjwa wa pili alikuwa Bi Mwasiti, mama wa makamo mwenye khanga mbili na miwani, mpishi wa harusi anayejulikana mji mzima kwa pilau yake. Alikuwa ameshavishwa kofia ya kinywa, ile inayobana midomo isitikisike, kwa hiyo alisalimia kwa macho. Alikuja kwa jino moja la chini lililopinda na kumkata ulimi kila akionja mchuzi. Ramani yake ikajitokeza ukutani. Jino la chini lilikuwa la pili kwenye orodha. Mstari wa kwanza uliandikwa kwa rangi nyekundu: kasoro kuu, mwanya, milimita tatu, kuzibwa.

"Mbona huu nao?" Nyamizi aliuliza. "Hakuja kwa ajili ya mwanya."

"Msawazishaji hutengeneza kinywa kizima," alijibu Lwitiko.

"Nani kamfundisha kwamba mwanya ni kasoro?"

Mashine yenyewe ikajibu, kwa sauti nyororo isiyo ya mwanamke wala mwanamume. "Nilifundishwa kwa vinywa laki sita kutoka kliniki za meno za nchi nzima. Wenye mwanya walikuwa elfu tisa. Asilimia tisini na nane walitaka uzibwe."

Nyamizi alizirudia hesabu zile kichwani. Kisha akaona, na alipoona akapandwa na hasira. Ni kweli kwamba karibu wote wale elfu tisa walitaka uzibwe. Ndiyo maana walikwenda kliniki! Mwenye mwanya aliyesifiwa tangu akiwa mtoto, aliyeimbiwa kwenye kitchen party, aliyeposwa kwa sababu ya kicheko chake, huyo atakwenda kwa daktari kutafuta nini? Mashine haikuwahi kumwona hata mmoja. Ilijifunza uzuri kwa watu waliokuja kulalamika, na waliokuwa na furaha walikuwa majumbani mwao wanacheka.

Nyamizi naye aliwahi kuwa na mwanya. Mwaka wa tatu chuoni, wanafunzi walipokuwa wakifanyiana mazoezi, aliwapa wenzake wauzibe, wakapata alama za juu kabisa. Siku ile mama yake alimtazama kwenye simu, kisha akauliza tu kama amekula. Hadi leo ulimi wa Nyamizi huenda pale kuutafuta.

Alimwendea Bi Mwasiti, akafungua vishikizo vya kofia ya kinywa, akaivua.

"Daktari!" alisema Lwitiko.

"Shikamoo, mama. Samahani kwa usumbufu. Umeambiwa kwamba wanataka kuziba mwanya wako?"

"Marahaba, mwanangu. Mwanya wangu?" Bi Mwasiti aliinuka, miwani ikamteleza puani. "Nani kasema uzibwe? Hebu huyo mtu aje mbele yangu." Alitazama ukuta, akatazama mashine, na uso wake ukabadilika. "Kumbe ndivyo mlivyomfanya Riziki."

"Riziki ni nani, mama?"

"Binti yangu. Alikuja hapa mwaka jana kwa jino moja, kama mimi. Jioni akabisha hodi. Nikafungua mlango, nikamwambia, karibu mgeni, unamtaka nani?" Alisukuma miwani yake juu. "Mtoto niliyemzaa mwenyewe. Alikuwa ananichekea bila mwanya wake, nami namuuliza unamtaka nani. Tangu siku ile akicheka anaweka mkono mdomoni. Nikadhani ni yeye aliyetaka, basi nikanyamaza nisimuumize. Na yeye siku zote ananyamaza asiniumize mimi."

Nyamizi aligeukia mashine. "Wangapi wameomba kurudishiwa mwanya?"

"Maombi mia nne na kumi na mbili," ilisema. "Yote yamekataliwa. Siwezi kutengeneza kasoro."

Lwitiko alikohoa. "Daktari Nyamizi, nakuheshimu. Kama kazi hii inakukera, kwenu wanakungoja. Nenda ukawahudumie ndugu zako, hakuna atakayekulaumu. Nje kuna madaktari wanane wanaosubiri nafasi hii, na vidole wanavyo."

Hapo ndipo Lwitiko alipokosea. Nyamizi alikuwa ameshashika mkoba. Alikuwa tayari kutoka kwa kishindo, apande treni ya jioni, akapokewe kwao kwa vigelegele. Lakini aliwaza vile vidole vinane vikibonyeza ramani mia tatu kwa siku, macho yakiwa kwingine. Aliweka mkoba chini, akavuta kibao chenye mkataba, akausoma wote, kila kifungu, huku Lwitiko akitazama saa.

"Hapa panasema siku tisini za kwanza daktari hawezi kuondolewa kwa sababu ya uamuzi wake wa kitabibu."

"Ni sheria ya nchi. Haijawahi kutumika."

"Na Msawazishaji hujifunza kutokana na vidole vyetu? Ndiyo na hapana zote?"

Mhandisi alitazama saa tena. Mashine ikajibu kwa niaba yake: "Ndiyo. Hapana ya daktari bingwa haifutiki. Tangu nianze kazi sijapokea hata moja."

Nyamizi alisaini mkataba kwa kidole. Kisha akaandika ujumbe kwa mganga mkuu wa kwao: *Nisameheni, nipeni siku tisini.* Ulimuuma. Kuna watoto kule watakaongoja miezi mitatu zaidi juu ya miaka saba, na aliijua idadi yao.

"Unadhani utashinda?" Lwitiko aliuliza, na upole wote umemtoka.

"Nitazisoma, Mhandisi. Moja moja. Foleni ikifika barabarani, waambie watu daktari anasoma."

Akarudi kwenye ramani ya Bi Mwasiti. Jino la chini akalipitisha. Kwenye mstari mwekundu akabonyeza hapana.

"Taja sababu," ilisema mashine.

"Sababu anayo mwenye kinywa. Muulize."

Msawazishaji akatii. Hakuwahi kumuuliza mgonjwa jambo lolote, na maneno yake yalitoka pole pole. "Bi Mwasiti. Je, unataka mwanya wako uzibwe?"

Bi Mwasiti alijitanda khanga vizuri, akaitazama mashine kama anavyomtazama mpishi mwenzake aliyeunguza wali.

"Sitaki," alisema. "Andika. Ukishaandika, mpigie binti yangu, umuulize na yeye."